Hifadhidata ichaguliwe kwa kazi, si kwa fahari

Ofisi nyingi hutunza kumbukumbu kwenye Excel au Access, na si kosa: SACCOS yenye karani mmoja haihitaji seva. Hatari huja kazi inapokua. Oktoba 2020, Uingereza ilibainika kuacha visa 15,841 vya Uviko-19 nje ya takwimu zake za kila siku, kwa kuwa faili za Excel za muundo wa zamani hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Access nayo hukomea gigabaiti 2.

Wapo watakaosema mifumo mikubwa ni ghali. Lakini PostgreSQL, mmojawapo wa mifumo hiyo ya hifadhidata, hutolewa bure. Gharama yake ni mtaalamu wa kuitunza. Basi tupime mambo mawili: wangapi wanaingiza taarifa kwa pamoja, na rekodi zikipotea nani ataumia. Yakiwa mazito, tuhame kabla faili haijajaa.