Daftari Kubwa na Faharasa Yake

Mjane afikapo dirishani kuulizia mafao ya marehemu mumewe, karani huandika jina katika kompyuta, kisha wote wawili hungoja. Lawama huiangukia mashine, na pengine hununuliwa mpya, ghali, ingojewe vilevile.

Heri programu yenyewe iulizwe kwanza inapita njia gani. Katika PostgreSQL amri yake ni EXPLAIN. Likija jibu la “Seq Scan” juu ya jedwali lenye mistari milioni 10, basi mistari yote inasomwa mmoja mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Panapotakiwa faharasa ndipo hapo. Faharasa ya mti-B, waliyoieleza Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1972, huufikia mstari huo kwa kufungua kurasa chache tu, nne au tano hivi.

Lakini iliyopangwa kwa jina la ukoo haimfai anayetafuta kwa jina la kwanza pekee. Kitabu cha simu kina tabia hiyo hiyo. Wala zisirundikwe ovyo, kwani kila faharasa huchelewesha uandikaji.

Ikisha kutungwa, EXPLAIN iulizwe tena. Njia isipobadilika, huenda takwimu za jedwali zimechakaa. Amri ya ANALYZE huzihuisha.