Mcheza Kwao Hutunzwa

Ipo dhana potofu iliyoota mizizi miongoni mwa vijana wanaotengeneza michezo ya kompyuta na simu, kwamba asiyeuza hana kosa. Kijana wa Ikungi anayemchukua Simba wa filamu ya Disney, akamtia katika mchezo wake na kuugawa bure, hudhani ukarimu wake ni kinga. Mwalimu anayeinyamazia dhana hiyo hamsaidii kijana huyo.

Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 1986 hulinda alama katika shughuli za biashara. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya kunakili na kusambaza kazi yake, wala neno "bure" peke yake si kibali.

Hata hivyo, heshima haina budi iwe ya pande mbili. Disney hiyohiyo iliomba mwaka 1994, ikapewa mwaka 2003, usajili nchini Marekani wa maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake kwenye fulana. Maneno hayo hayakuzaliwa Marekani. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kuyaimba mwaka 1982. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini kulalamika. Watetezi wa kampuni wakajibu kuwa hakuna aliyezuiwa kuyasema. Kweli, lakini kwa nini mali ya umma iwe alama ya tajiri mmoja, ilhali mchezo wa bure wa mtoto wa umma uitwe wizi?

Pamoja na hayo, kulipiza kisasi kwa kunakili ni kujidhulumu. Mwaka 2016 mchezo wa AM2R, uliotengenezwa na shabiki kwa takriban miaka 10 na kugawiwa bure, uliondolewa mitandaoni siku chache baada ya kutolewa, kwa madai ya Nintendo. Anayejenga katika kiwanja cha mwingine hana haki ya kushangaa akibomolewa.

Kiwanja cha Watanzania kipo. Bao halina tajiri anayelimiliki. Sungura na Fisi hawana kampuni. Wazee wa Kinyaturu wangali na hadithi zao. Maofisa utamaduni wazikusanye, walimu wazifundishe, na vijana wazigeuze michezo yao wenyewe. Wahenga walikwisha kusema: mcheza kwao hutunzwa.