Kranki haikatiki kwa siku moja

Bila shaka, msomaji, umewahi kupita lori lililokwama mlimani, matawi ya miti yametandazwa nyuma yake barabarani, naye taniboi amejilaza kwenye kivuli cha trela. Mara nyingi ni gurudumu tu, au dizeli imekwisha. Lakini ukisikia dereva akisema kwamba kranki imekatika, mhurumie mwenye gari, hasa ikiwa bado analipa mkopo wa benki. Hiyo si hasara ya kununua kipuri kimoja na kuendelea na safari.

Leo tuizungumzie kranki hiyo, na hasa ile ya injini za dizeli ambazo wenyewe wamezichokora ili zipate nguvu kuliko zilivyotoka kiwandani. Nawe usiyejua hata boneti hufunguliwaje, usinikimbie.

Krankishafti ni mtaimbo mzito wenye mapindo, unaokaa chini ya silinda. Moto ukilipuka ndani ya silinda, pistoni husukumwa chini, nayo konrodi huizungusha kranki kama mguu unavyoizungusha pedeli ya baiskeli. Tofauti ni uzito wa mguu wenyewe. Chukua pistoni yenye upana wa milimita 103. Presha ya moto ikifika bar 150, jambo la kawaida kwa dizeli za siku hizi, pistoni hiyo moja hukandamizwa kwa uzito unaozidi tani 12. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni hupigwa hivyo mara 1,000. Kwa mwendo huo, safari ya saa 10 kutoka Mombasa hadi Nairobi ni mapigo 600,000 kwa kila silinda.

Hakuna pigo moja kati ya hayo linaloikata kranki nzima. Chuma huchoka. Kunja waya wa kutundikia nguo, ukunjue, ukunje tena, uone utakavyokatika bila wewe kutumia nguvu yoyote ya maana. Ndani ya kranki, ufa mdogo huanza aghalabu kwenye kona ambapo shingo inakutana na ubavu, kisha huingia ndani kidogo kidogo, hadi chuma kilichobaki kinashindwa na mzigo. Ndiyo sababu dereva huapa kwamba gari lilikuwa sawa kabisa hadi dakika ile. Hasemi uongo.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani, ambako watu hushindana kwa pikapu za dizeli, wengine kwa mbio, wengine kwa kuvuta mizigo mizito uwanjani. Pikapu za Chevrolet na GMC za mwaka 2001 zilitiwa injini ya Duramax ya lita 6.6 yenye silinda 8, iliyoundwa na General Motors kwa ushirikiano na Isuzu, ndio hao hao ambao malori yao huunganishwa hapa kwetu Nairobi. Ilitoka kiwandani na nguvu-farasi 300. Wenye haraka wakabadilisha vipimo vya kompyuta yake, wakafunga turbo kubwa na nozo kubwa, wakaifikisha mara mbili na kupita. Ndipo kranki zikaanza kukatika, na ajabu ni kwamba nyingi zilikatika mahali pamoja, mbele, karibu na pindo la kwanza.

Mafundi wa huko wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka. Wapo wanaolaumu mpangilio wa moto, ambao ni 1-2-7-8-4-5-6-3. Silinda ya 1 na ya 2 zinatumia pindo moja la mbele, kwa hiyo pindo hilo hupigwa mara mbili mfululizo. Ili kuepuka hayo, wengine hununua kemshafti iliyochongwa upya, hizo mbili zisifuatane. Wapo pia wanaolaumu mizani, kwa kuwa sehemu ya uzito wa kuisawazisha kranki hii imening'inizwa nje yake, kwenye dampa ya mbele na upande wa flaiwili nyuma. Kwa mizunguko ya kawaida hapana neno. Lakini ukiipandisha kutoka 3,000 hadi 4,000, nguvu inayouvuta uzito ule kwenda nje haipandi kwa theluthi moja kama mizunguko ilivyopanda. Hukaribia kuwa mara 1.8.

Mimi naona yote mawili yana ukweli, ila wanaoishia hapo wanajificha nyuma ya mtengenezaji. Injini hizo hizo, zikiachwa na nguvu za kiwandani, huvuta trela miaka na miaka. Udhaifu ulikuwapo, aliyeuamsha ni yule aliyeongeza moto.

Hapa kwetu hatuna haja ya kompyuta. Fundi huvunja ile sili ya risasi kwenye pampu, akafungua skrubu nusu raundi, na lori likapanda mlima likitoa moshi mweusi huku mwenyewe akichekelea. Au injini iliyoundwa bila turbo hufungiwa moja iliyotolewa kwenye gari jingine. Na moto ukiwashwa mapema kuliko inavyopasa, presha hupanda hata kama hukuongeza tone la dizeli.

Kinachosahauliwa kabisa ni dampa, ile puli nzito ya mbele. Kila pigo huinyonga kranki kidogo kama unavyokamua nguo, nayo hujirudisha. Kuna mizunguko ambayo mapigo na kujirudisha huko hulingana, na mtikisiko huzidi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Dampa ndiyo humeza mtikisiko huo, kwa mpira au kwa majimaji mazito yaliyofungiwa ndani. Mpira huoza kwa joto na oili. Majimaji huganda na miaka. Ukimwona makanika akiitoa dampa kwa kuipiga nyundo, mshike mkono.

Jingine ni kuchonga. Kranki iliyokwaruzika hupelekwa kwenye mashine ikapunguzwa, na mchongaji asiye makini huiacha ile kona ya shingo ikiwa kali badala ya kuviringika. Ufa hupenda kona kali. Isitoshe, baadhi ya kranki za Kijapani hutiwa ugumu juu juu tu, na watengenezaji wake hukataza zisichongwe.

Kwa hiyo ikikukatikia, usiviuze vile vipande kwa chuma chakavu kabla ya kuvitazama, maana ukifunga kranki mpya juu ya kosa la zamani utaizika nayo. Tazama palipokatika. Mistari kama ile inayoachwa na maji mchangani bahari ikipwa inaonyesha ufa ulivyosafiri, na ilikoanzia ndiko kwenye kisa. Ikiwa ufa umekwenda mshazari, kranki ilinyongwa. Anza na dampa. Ikiwa umenyooka kuvuka ubavu, ilipindwa. Pima kama vikalio vya beringi bado vimo kwenye mstari mmoja, na kama kona zilichongwa sawasawa. Shingo ikiwa imegeuka samawati, ilikosa oili ikaungua. Na kabla injini haijawashwa tena, skrubu ya pampu irudishwe ilipokuwa.