Mtoto wa Kupanga na Jina la Baba Yake



Bwana mmoja wa Mombasa na mkewe, ambao hawakujaaliwa mtoto kwa miaka tisa, wametuandikia. Wamekwenda kwenye chama cha kupanga watoto, wakapewa karatasi za kujaza, na kalamu imewasita mahali pa jina. Je, mtoto aitwe kwa jina la bwana?

Kwanza twawapongeza. Mtume (s.a.w.) alimwahidi mwenye kumlea yatima ukaribu naye Peponi, mfano wa vidole viwili vilivyo pamoja.

Lakini jina ni jambo jingine. Zaid bin Haritha alitekwa utotoni, akauzwa, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume. Baba yake alipokuja kumkomboa, Zaid alikhiari kubaki. Mtume akamtangaza kuwa mwanawe, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha zikateremka aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab, zikaamrisha watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao. Na wasiojulikana baba zao, hao ni ndugu katika dini. Zaid akarudishiwa jina la Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Hata kidogo! Mwaka wa 8 wa Hijra yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa jeshi la Muta, akafa shahidi.

Basi, bwana wetu, kabla ya kutia saini uliza karatasi hiyo yaomba nini. Amri ya mahakama ya kupanga mtoto humfanya, mbele ya sheria, kama aliyezaliwa nawe. Kafala ni malezi na ulinzi, nasaba ikabaki palepale. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yaitambua kafala kwa jina lake. Msione haya kuitaja mbele ya afisa wa watoto. Wala msimkimbie afisa huyo, kwani mtoto aliyechukuliwa kwa siri, hata kwa nia njema, hubaki bila hati. Baba akijulikana, andikeni jina lake. Asipojulikana, mpeni mtoto jina jema lisilomnasibisha na bwana.

Mtoto huyo harithi, lakini mwaweza kumwusia hadi thuluthi ya mali, au kumpa hiba mngali hai. Wasia uandikwe sasa, maana ndugu wa marehemu (twawajua!) hawakumbuki ahadi za mdomo.

Akiwa hajatimiza miaka miwili, liko jambo ambalo wengi hulisahau. Mvulana akinyonyeshwa na dada wa bibi, au msichana na dada wa bwana, mara tano kwa madhehebu ya Shafii, huwa maharimu wenu, na taabu ya kujisitiri atakapobaleghe huondoka.

Na habari ya asili yake mwambieni mapema, kabla hajaisikia kwa watoto wa jirani.