MAJI YA UDHU SI LAZIMA YAWE MAJI YA KUNYWA



Ndugu wasomaji, miongoni mwa masomo ya mwanzo tuliyosomeshwa katika fiqh ni mlango wa twahara. Hapo tulihifadhi sifa tatu za kuchunguza maji yaliyoingiwa na najisi: rangi, ladha na harufu. Maji mengi yasipobadilika hata sifa moja, hubaki twahara.

Wengi wetu hapa Kibaoni tumeifanya hukumu hiyo ruhusa ya kunywa. Tunatawadha kijitoni, kisha tunakinga viganja na kunywa. Hilo ni kosa. Twahara ni hukumu ya ibada. Usalama wa tumbo ni jambo jingine. Vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi wala harufu. Mwaka 1854 jijini London, Daktari John Snow alibainisha kuwa kipindupindu kilitoka katika pampu ya Broad Street, nayo ilikuwa pampu ambayo watu waliyapenda maji yake.

Je, tufanye nini? Kwa maoni yetu, madrasa iwe na daftari la mto. Kila wiki, tukiwa na mwalimu, kwani mito yetu ina mamba na viboko, tuchote maji mahali palepale kwa chupa nyeupe, tuandike tarehe, rangi, harufu na kina. Tuandike pia kama mvua imenyesha au mifugo imepita. Kuonja tuache. Huko Afrika Kusini wanafunzi hugeuza mawe ya mtoni na kutazama wadudu, kwa njia iitwayo miniSASS. Wakikuta minyoo na ruba tu, wanajua mto unaumwa. Zebaki ya wachimbaji dhahabu, hata hivyo, hupimwa maabara.

Huenda mtu akasema hii si kazi ya wanachuo. Tunamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Tena maji ya Katuma hupita mashamba ya Mpanda, yakaingia hifadhini, yakashuka kwa Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Wa juu wakichafua tunaumia sisi, nasi tukichafua wanaumia wa chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini malalamiko yasiyo na tarehe huitwa uvumi. Mwenye daftari atasikilizwa kijijini, na hata kwenye Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa.

Wakati tunaandika, nyumbani tuchemshe maji ya kunywa. Mwili ni amana, na maji ni amana.