Kompyuta Yenye Kigeugeu: Somo la Mbinu kwa Mwalimu

Kompyuta ya mezani iliyokufa kabisa haimsumbui mwalimu kwa muda mrefu. Hubonyeza kitufe, haoni taa wala hasikii feni, naye huandika katika daftari la vifaa kwamba chombo hicho ni kibovu. Lakini kompyuta iwakayo vizuri leo, ikagoma kesho, na keshokutwa ikawaka tena kana kwamba haikupata kuwa na dosari yoyote, hiyo ndiyo iletayo fadhaa. Fundi akiitwa huikuta ikifanya kazi. Akiisha kwenda zake, inagoma. Baada ya majuma kadhaa ya usumbufu wa namna hiyo walimu huchoka, na chombo hupelekwa stoo. Katika shule yenye kompyuta moja au mbili tu, hasara hiyo si ndogo: alama za mitihani zimo ndani yake, na watoto waliokuwa wakingoja zamu yao ya kuigusa hawaipati tena.

Shabaha ya makala hii ni kueleza kwamba hitilafu ya namna hii yaweza kuchunguzwa na mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba uchunguzi huo wafaa kufundishwa katika vyuo vya ualimu kama somo la mbinu, wala si kama ufundi wa watu wachache. Maoni yetu ni kwamba hitilafu ijayo na kuondoka haipatikani kwa kubahatisha. Hupatikana kwa kuiandika kila inapotokea, na kwa kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Zipo tabia tatu ambazo mwanachuo hana budi kujihadhari nazo. Ya kwanza ni kubonyeza kitufe mara nyingi kwa hasira, au kulipiga kofi sanduku la kompyuta. Pengine kofi hilo hufanya chombo kiwake, kwa sababu limetikisa kiungo kilicholegea. Lakini kiungo hicho hubaki kimelegea vilevile, na mwalimu hajajifunza neno. Ya pili ni kukifungia chombo kabatini kwa kuogopa lawama. Ya tatu huonekana kuwa ni bidii, kumbe ndiyo ipotoshayo zaidi: mwalimu hununua waya mpya, hufuta vumbi, hubadili betri na kuingiza upya programu zote katika alasiri moja. Kompyuta ikiwaka, hajui ni lipi lililoiponya. Ikigoma tena baada ya siku tatu, hana pa kuanzia.

Ili mwalimu aweze kuuliza swali la maana, yampasa ajue kwanza yanayotendeka tangu kitufe kibonyezwe mpaka kompyuta iwe tayari kwa kazi. Twaweza kuyagawa katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza, kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, hupokea umeme wa ukutani, kwa kawaida volti 230 au 240 katika nchi zetu, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme huo ukiisha kutulia, kisanduku hupeleka ishara kwenye ubao mkuu kwamba kazi yaweza kuanza. Katika hatua ya pili, programu fupi iliyohifadhiwa katika ubao huo, nayo huitwa bayosi, hukagua viungo vya kompyuta: kichakataji, vibao vya kumbukumbu viitwavyo ramu, sehemu ya picha na kibodi. Ukaguzi huo ni wa tangu zamani. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilijikagua hivyo, ikatoa mlio mfupi mmoja ilipojiona salama. Katika hatua ya tatu, bayosi hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Katika hatua ya nne, mfumo huo, kama vile Windows au Linux, hupakiwa kutoka katika diski na kushika usukani.

Faida ya kuzijua hatua hizi ni kwamba kila moja ina dalili zake. Ikiwa hakuna taa wala feni haizunguki, basi tumekwama katika hatua ya kwanza. Hapo tutazame soketi, plagi, waya wa kuunganishia, nguvu ya umeme wa jengo, na mwishowe pawasaplai yenyewe. Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, au milio ya ajabu inasikika, tumo katika hatua ya pili. Aghalabu kibao cha ramu kimelegea au miguu yake imeingia vumbi na kutu, au kapasita za ubao mkuu zimevimba vichwa. Ikiwa skrini inaandika kwamba diski haionekani, tumefika hatua ya tatu: waya wa diski umelegea, diski imechoka, au bayosi imesahau diski ya kuanzia. Na ikiwa mfumo endeshi unaanza kisha unakatika, tushuku diski, ramu, faili zilizoharibika, au joto linalotokana na feni iliyozibwa na vumbi. Kwa hiyo swali la kwanza si "Ina nini?" bali ni "Imefika wapi?"

Baada ya hapo ndipo daftari linapohitajika. Mwalimu achore safu tano: siku na saa, hali ilivyokuwa kabla ya kuwasha, hatua iliyofikiwa, maneno au milio iliyotokea, na jambo lililobadilishwa siku hiyo, kama lipo. Aandike pia siku ambazo kompyuta imewaka vizuri, maana bila hizo hawezi kulinganisha.

Tuchukue mfano. Tuseme daftari la majuma manne linaonyesha kwamba kompyuta imegoma kila Jumatatu asubuhi, na siku nyingine imewaka bila matata. Kila ilipogoma, feni ilizunguka na skrini ikawaka, lakini diski ya kuanzia haikuonekana mpaka mtu alipoingia katika bayosi na kuichagua upya. Mwenye haraka atasema kwamba diski imekufa. Lakini diski haijui kalenda. Ni jambo gani basi linalotokea kabla ya Jumatatu tu? Mwalimu akidadisi atakuta kwamba siku za kazi soketi huachwa ikiwa na umeme usiku kucha, ila Ijumaa jioni swichi kuu ya jengo huzimwa. Sasa ana fununu. Katika ubao mkuu imo betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo huilisha saa ya kompyuta na, katika kompyuta nyingi, hutunza maagizo ya bayosi wakati umeme wa ukutani haupo. Betri ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na maagizo hupotea. Umeme wa ukutani ukiwapo, kompyuta hutumia huo, na uchovu wa betri hauonekani.

Hata hivyo mwalimu asikimbilie kuhukumu, kwani Jumatatu asubuhi kuna pia baridi, na kapasita zilizozeeka huweza kugoma zikiwa baridi na kukubali zikisha kupata joto. Yampasa atenganishe mambo haya mawili. Basi Jumatano azime soketi tangu asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa kali, kisha ajaribu kuwasha. Ikigoma vilevile na tarehe ikiwa imerudi nyuma, baridi haina hatia, na betri imejulikana. Ikiwaka sawasawa na saa ikiwa sahihi, betri huondolewa katika orodha ya washukiwa, na uchunguzi unaelekea kwingine. Jaribio hilo halina gharama yoyote, wala halihitaji kufungua hata skrubu moja.

Jambo jingine linalosahauliwa ni idadi ya majaribio. Kompyuta igomayo kwa nasibu mara moja katika kila mara tatu haiwezi kusemwa imepona kwa kuwa imewaka leo. Hata bila kutengenezwa, uwezekano wa kompyuta hiyo kuwaka mara tano mfululizo ni kama 13 katika 100. Kuwaka mara kumi mfululizo bila kutengenezwa ni nadra zaidi, chini ya mara 2 katika 100. Basi mwalimu aliyebadili kitu na kuona kompyuta imewaka mara moja, bado hajathibitisha jambo. Angoje mara kumi, tena katika hali zilezile zilizokuwa zikileta ugomvi: kama ilikuwa ikigoma baada ya swichi kuu kuzimwa, basi izimwe kila jioni kwa siku kumi. Hesabu hii ya sehemu yaweza kufanywa na wanachuo wenyewe ubaoni.

Ni lazima pia tutaje mipaka. Kabla ya uchunguzi wowote, kompyuta ikipata kuwaka, alama za wanafunzi na nyaraka za shule zinakiliwe kwingine, maana diski iliyochoka haitoi ahadi. Kabla ya kufungua kifuniko, plagi ichomolewe ukutani. Kabla ya kugusa ramu, mwalimu aguse chuma tupu cha sanduku la kompyuta ili umeme tuli wa mwili wake usiunguze vijenzi. Kisanduku cha pawasaplai kisifunguliwe kamwe na mwalimu wala mwanafunzi, kwa kuwa kapasita zilizomo huweza kushika umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Na ikiwa nyuma yake kuna swichi ndogo yenye tarakimu 115 na 230, isiguswe na watoto. Ikiwekwa kwenye 115 katika nchi zetu, chombo huungua.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi si fundi, na kwamba kazi aliyo nayo yamtosha. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Madarasa yamejaa, na mshahara haumlipi mtu kufuta vumbi katika ubao mkuu. Lakini hatusemi kwamba mwalimu achomelee kapasita. Twasema kwamba amkabidhi fundi habari badala ya malalamiko. Mama ampelekaye mtoto zahanati si mganga. Lakini akieleza kwamba homa hupanda kila jioni, na kwamba ilianza siku ya tatu baada ya safari, amemsaidia mganga kuliko yule asemaye tu kwamba mtoto anaumwa. Fundi aliyepewa daftari la majuma manne hana haja ya kuikuta kompyuta ikigoma ndipo aamini. Tena shule haitalipia pawasaplai mpya wakati kilichohitajika ni betri ya bei ndogo.

Zaidi ya hayo, utaratibu huu ndio tunaowaambia wanachuo wautumie darasani. George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1945 hatua nne za kulitatua swali: kulielewa, kutunga mpango, kuutekeleza, na kutazama nyuma. Mwanachuo huzikariri hatua hizo kwa ajili ya mtihani, kisha akikutana na kompyuta iliyogoma huipiga kofi. Vivyo hivyo hukutana na mtoto anayepata hesabu za kutoa leo na kuzikosa kesho. Mwalimu asiye na utaratibu humwita mvivu. Au kwa siku moja humhamisha dawati, humpa kitabu kingine na kubadili namna ya kufundisha, asijue lipi limefaa. Mwalimu mwenye utaratibu huyakusanya madaftari ya majuma mawili na kuuliza: makosa haya hutokea wapi? Huenda akaona kwamba mtoto hukosa pale tu penye sifuri katika namba ya juu. Sisi hatusemi kwamba mtoto ni mashine. Twasema kwamba kosa lenye kigeugeu, popote lilipo, lina sharti linalolileta, na kazi ya mwalimu ni kulitafuta sharti hilo.

Shule isiyo na kompyuta nayo yaweza kuanza. Mwalimu achukue tochi, aweke betri moja nzima na moja iliyokwisha, au alegeze balbu kidogo, kisha awaulize wanafunzi wa darasa la tano: tubadili nini kwanza, na tutajuaje? Mtoto aliyezoea kubadili kitu kimoja na kuandika matokeo katika tochi hatapata taabu mbele ya kompyuta.

Mwisho, twapendekeza kwa vyuo vyetu jambo lililo rahisi. Kila chuo kitenge kompyuta moja kuukuu kwa ajili ya zoezi hili. Mkufunzi alegeze kibao cha ramu, au waya wa diski, au atie betri iliyokwisha, bila kuwaambia wanachuo. Kila kikundi kipewe daftari na majuma mawili. Na alama zitolewe kwa daftari, si kwa kompyuta kuwaka. Maana kikundi kilichobahatisha kikafaulu kinaweza kushindwa mara ya pili, hali kile kilichoandika kwa uaminifu mambo saba yasiyo na hatia kimebakiza machache ya kutafuta, na kimekwisha kuanza kazi ya ualimu.