Betri niliyoiandika "nzima"

1/8
Wale mnaonyonyesha huku simu iko mkono mmoja, leo nawahitaji kweli. Tumeshaongea uji wa lishe, tumeshaongea manjano ya watoto wachanga. Leo naongelea betri. Ndiyo, betri. Usipite haraka, maana inamhusu mtoto wako kuliko unavyodhani, na humu ndani kuna kosa langu mimi mwenyewe.

Nimekuwa mkunga mkoa huu wa Simiyu kwa miaka mingi, mpaka sokoni Bariadi nakutana na vijana warefu niliowapokea wakiwa na kilo mbili na nusu. Sasa nakuuliza: ukienda kujifungua usiku, umeme ukakatika, nini kinawasha taa ya leba? Nini kinaendesha mashine ya oksijeni?

Wengi mtasema jenereta. Sawa. Lakini jenereta inataka mtu, ufunguo na mafuta. Kabla haijawaka, kinachokushikilia wewe na mtoto ni betri ya akiba. Na msiseme umeme siku hizi haukatiki. Mgao wa mwishoni mwa 2023 mnaukumbuka. Na Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya Taifa ilipata hitilafu usiku, nchi ikaingia gizani. Watoto hawakusubiri umeme urudi ndipo wazaliwe.

2/8
Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi kituo kimoja ambacho sitakitaja, na siko huko tena. Chini ya meza kulikuwa na betri nne zimeunganishwa na inveta. Moja ilikuwa imevimba ubavuni. Niliiona. Nikiinama kupiga deki nasikia harufu kama ya yai viza. Umeme ukienda hata kidogo tu, taa inafifia upesi kuliko zamani.

Nikamwambia aliyekuwa juu yangu. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Kwani wewe fundi? Una uhakika? Kama huna uhakika usiandike, utatuletea wakaguzi bure."

Kweli sikuwa na uhakika. Mimi nimesomea kuzalisha, sijasomea umeme. Basi kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu, pale penye mstari wa betri ya akiba, nikaandika neno moja: nzima. Kesho yake nikaandika tena nzima. Kama wiki sita hivi. Mwandiko ni wangu, siwezi kumsingizia mtu.

3/8
Msimu wa mvua, saa tisa usiku. Mama wa miaka 19, mtoto njiti, kilo moja na gramu mia sita, yuko kwenye oksijeni. Radi ikapiga, umeme ukaenda. Betri zikashika. Nikasema ahsante Mungu.

Hazikufika dakika sita. Taa ikawa nyekundu kama kaa la moto, mashine ikalia ile kengele yake, kisha ikanyamaza. Jamani, kile kimya sijakisahau.

Nikashika ambu, ule mpira wa kuminya kwa mkono kumpa mtoto hewa. Bibi wa mtoto akatumulikia kwa simu. Mlinzi akakimbilia jenereta, akakuta tenki kavu. Akaenda kumgongea kijana wa bodaboda, wakanyonya petroli kwenye pikipiki kwa mpira. Dakika 35 naminya ambu nahesabu kwa sauti. Midomo ya mtoto ilibadilika rangi mara mbili.

Alipona. Leo anasoma shule ya msingi. Mama yake aliniletea kuku, akanishukuru kwa kumwokoa mwanae. Sikumwambia kuhusu kitabu. Yule kuku hakunipita kooni vizuri.

Tulibahatika tu, ndugu zangu. Na bahati huwezi kuipangia zamu.

4/8
Fundi aliyekuja kubadilisha zile betri alinifundisha kitu ambacho kila muuguzi na kila mzazi mwenye sola nyumbani akijue. Betri ni mwongo. Ikiwa imepumzika, ukiipima inakupa volti 12.6 na ushee, unasema hii nzima kabisa. Ipe mzigo sasa, iwashe mashine, inaporomoka hapo hapo. Ndiyo maana kuitazama tu hakutoshi, na taa ya kijani ya inveta haitoshi. Halafu joto linaiua: kwa betri hizi za kawaida, joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 hivi, umri wake unakatika karibu nusu. Sasa fikiria kachumba kenye bati, kasiko na dirisha, kwetu huku.

Nikamuuliza, kwa hiyo ningejuaje? Akacheka: "Dada, hata mitambo ya nyuklia inategemea betri kama hizi, na wao pia hawajui mpaka wapime. Tofauti ni kwamba wao wakishuku tu, wanasema."

Neno lile lilinikaa. Nikaenda kusoma.

5/8
Sisi urani tunayo, iko kule Namtumbo, Ruvuma, lakini mtambo wa kuzalisha umeme wa nyuklia hatuna. Wenzetu walio nao wako hivi: mtambo hata ukizimwa, ndani unaendelea kuwa na moto mkali, lazima upozwe kwa maji. Umeme wa gridi ukikatika, zinawaka jenereta za dizeli. Na betri ndizo zinazowasha vipimo na vidhibiti, ili wafanyakazi waone kinachoendelea ndani.

Tarehe 11 Machi 2011, Fukushima, Japani. Tetemeko likakata umeme wa gridi, jenereta zikawaka vizuri. Haikupita saa moja, tsunami ikaingia. Maji yakafunika jenereta, na kwenye mitambo ya kwanza na wa pili yakafunika hata betri, maana zilikuwa chini. Chumba cha kuongozea kikawa giza. Wale wataalamu wakaenda kung'oa betri za magari, wakaziunganisha ili wasome tu kiwango cha maji ndani ya mtambo. Mitambo mitatu ikayeyuka ndani, watu zaidi ya 100,000 wakahama makwao. Niliposoma zile betri za magari nikaona mpira wetu wa petroli kwenye tenki la pikipiki.

Betri za kule zilizamishwa na maji, hazikuwa mbovu. Lakini ona jinsi mtambo mkubwa vile ulivyobaki unaning'inia kwenye betri.

Sasa sikia sheria ya Marekani. Tangu 1974 sheria yao inamtaka kiongozi wa kampuni ya nyuklia, na hata wa kampuni inayowauzia vipuri muhimu kama betri, akipata habari ya kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, aiambie tume ya serikali inayosimamia nyuklia. Kanuni zinampa siku mbili tu tangu habari imfikie. Akinyamaza kwa makusudi, anatozwa faini yeye mwenyewe. Na kama ni shaka tu? Wana siku 60 za kuichunguza. Zikiisha hawajapata jibu, hawaruhusiwi kukaa kimya: wanaandika kwamba bado hatujajua, tunaendelea kuchunguza.

Umeona hapo? Kwao "bado hatujajua" ni ripoti halali. Sisi tunaambiwa kama hujui, nyamaza.

6/8
Mtasema hayo ni ya Wazungu na Wajapani. Haya, turudi kliniki, siku ya chanjo.

Chanjo ya mwanao inakaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Ikipata joto, kwa macho huoni tofauti, ni ile ile. Ndiyo maana kuna kile kialama cha mraba ndani ya duara kwenye kichupa: mraba ukishakuwa mweusi sawa na duara, chanjo hiyo haipewi mtu.

Zamani majokofu mengi ya sola ya vijijini, kwetu Afrika na kwingine, yalikuwa na betri. Paneli juu ya bati inaweza kuishi miaka 20, betri mara nyingi mitatu mpaka mitano. Ikifa, jokofu linakufa. Na mara nyingine betri ya chanjo inachajia simu na kuwasha runinga, tuseme ukweli. Ripoti za nchi baada ya nchi zikasema: betri, betri, betri. Mwisho wahandisi wakatengeneza jokofu la sola lisilohitaji betri ya kutunza umeme. Mchana jua linagandisha barafu ndani ya kuta, usiku barafu inatunza ubaridi. Miaka ya 2010 yakaenea, Shirika la Afya Duniani likayapitisha.

Mhandisi peke yake asingejua. Lazima awepo mtu wa kuandika "jokofu halipoi, nashuku betri". Kama kila mtu angeandika "nzima" kama mimi, tungekuwa tunatupa chanjo mpaka leo.

7/8
Najua nitakayoambiwa, acha niyajibu kabisa.

"Unawatisha kina mama, watarudi kuzalia nyumbani." Hapana, na nisikilizeni vizuri: kajifungulieni kituoni. Nyumbani hakuna ambu, hakuna dawa ya kuzuia damu, hakuna mtu wa kuhesabu pumzi za mwanao usiku. Yule njiti angezaliwa nyumbani nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Kinachowakimbiza kina mama ni kugundua baadaye kwamba tulijua tukaficha. Mficha uchi hazai. Nyie mnavua nguo mbele yetu mkiwa kwenye uchungu, halafu sisi tunaficha betri?

"Bajeti hakuna." Kuandika mstari mmoja ni bei gani? Kituo kina mpango wake wa mwaka, na tangu 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kitabu kikisema nzima, nani ataweka betri kwenye mpango? Kisichoandikwa hakinunuliwi.

"Ukisema utaonekana mkorofi, utahamishwa." Hili linauma kwa sababu mara nyingine ni kweli, na ndilo lililonifunga mdomo mimi. Lakini Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015. Na viongozi wangu, nawaheshimu, ila nawaambia wazi: mkimkemea mwenye shaka, kesho hamtaletewa shaka. Mtaletewa maiti. Na hapo uhakika mtakuwa nao wa kutosha.

8/8
Basi tufanye nini.

Wauguzi wenzangu: futeni neno "nzima" kama hamjapima. Mara moja kwa mwezi, mchana, hakuna mgonjwa kwenye mashine, jenereta iko tayari, mwiteni fundi azime umeme mkuu, mpe betri mzigo wake wa kawaida, hesabuni dakika. Andikeni: "tarehe fulani, imeshika dakika kadhaa". Mwezi ujao linganisheni. Imevimba, inanuka, inachemka, inashuka upesi? Andikeni "nashuku", wekeni saini, mpeni mganga mfawidhi, fundi wa vifaa tiba wa halmashauri ajue, na mbaki na nakala. Kikiwa kifaa tiba chenyewe ndicho kinasumbua, TMDA wanapokea taarifa, na hawakudai uwe na uhakika kwanza.

Kina mama na kina baba: siku ya kliniki ulizeni kwa adabu tu, "Nesi, umeme ukikatika usiku, mnatumia nini? Mara ya mwisho mmepima lini?" Hakuna nesi mwenye akili atakayechukia. Mimi ningeulizwa hivyo na mama mmoja tu katika zile wiki sita, ningeshindwa kumjibu, na ningeandika. Kamati ya kituo chenu ina wawakilishi wenu wananchi. Wajueni, wapeni swali hilo walipeleke kikaoni, lijibiwe kwa tarehe na dakika.

Kwenye maoni msitaje majina ya vituo wala ya watu, sitaki kumchongea mtu. Niandikieni mlichojibiwa tu.

Yule mama wa njiti, kama unasoma: ule usiku betri niliiona kabla, wiki sita nzima, nikaandika nzima. Ulipaswa kuniambiwa siku ile ulipoleta kuku, na mimi ndiye niliyepaswa kukwambia. Nisamehe mayu.

Kesho tunaendelea na maswali yenu.